Mguu Ulionitangulia Ugenya

Kambi Muru, Kibera
9 Februari 2025

Marvin,

Nani alikutuma? Nakuuliza wewe, mjukuu wa Osewe, nani alikutuma uende kuandikisha jina langu hospitalini kama mtu anayeandikisha ng'ombe wa chanjo? Jana simu inalia, naishika, msichana ana sauti tamu kama anauza sabuni: "Mama Perpetua Aoko, tunakukaribisha siku ya kuwapiga picha watu wa miguu ya bandia." Na unajua simu yangu inavyosema kwa sauti. Niliizima nikaikalia. Caren wa ng'ambo ya ukuta akauliza, "Mama, ni nani huyo?" Nikamwambia ni watu wa bima ya mazishi.

Sasa pokea salamu. Mimi ni mzima. Samaki wanauzika pale kwa ukuta wa mtaa wa Ayany, ingawa mafuta yamekuwa kitu cha kuabudiwa. Caren alijifungua mvulana, analia mpaka mabati yanatetemeka. Baba yako alipiga simu kutoka Kisumu, anasema ameacha pombe. Nilimpongeza kama ninavyompongeza kila mwaka. Na wewe, mume wangu wa utani, umekonda? Adhis muuza dagaa anasema umekonda. Mwanamume anayechomelea milango ya chuma hawezi kula chapati na chai peke yake.

Sikiliza vizuri. Hapa Kambi Muru hakuna mtu anayejua. Nilihamia hapa nikiwa na huo mguu ndani ya soksi nyeusi na rinda refu, nikasema goti lina baridi yabisi, wakaamini. Kule nyumbani Ugenya walikuwa wameshaanza kuniita "yule wa mguu mmoja", kana kwamba mama yangu hakunipa jina. Hapa mimi ni Nyar Sakwa, binti wa Sakwa anayekaanga samaki, basi. Ndiyo maana nakuandikia barua. Nyumba hizi za mabati hazina siri, ukikohoa huku unaambiwa pole kule. Na usinitumie meseji, herufi zake ni ndogo kama mayai ya chawa na Caren ndiye hunisomea. Barua mpe Adhis, ataileta pamoja na hao dagaa wake wa omena. Mimi nilifika darasa la tatu, na darasa la tatu la wakati ule lilikuwa darasa.

Tena siumwi. Kama kuna kinachouma, ni ule mguu wenyewe ulioko nyumbani. Tangu Krismasi vidole vyake vinaniwasha, halafu vinakunjwa, halafu nasikia kama mtu anapigilia kigingi juu ya unyayo. Shemeji yangu Omolo aliuzika kando ya kaburi la babu yako Osewe siku ile walipoukata, na mimi sikuwepo, nilikuwa kitandani hospitali ya misheni. Nani anajua aliuweka vipi? Mwandikie babu yako Omolo aende aangalie kuna nini juu yake.

Hiyo ndiyo dawa ninayotaka. Picha wapige maharusi.

Dani yako,
Nyar Sakwa


Kawangware 56
16 Februari 2025

Dani, nyanya yangu na mke wangu wa kwanza,

Sasa? Barua yako ilifika ikinuka omena mpaka paka wa duka la hardware akanifuata hadi kwa kibanda. Mimi niko poa. Sijakonda, Adhis hunilinganisha na mume wake na huyo mnamjua. Kazi iko. Wiki hii nimetengeneza geti la landilodi mmoja anayetaka simba wawili juu yake, nikamchomelea simba, mmoja akatoka kama mbwa. Anasema atamwita mbwa.

Pole kwa hiyo simu. Nilikosea kutokukuambia kwanza. Lakini jina sijalifuta.

Dani, wacha nikuambie kitu cha kazi yangu. Chuma kinaweza kuungwa kikang'aa nje, kikapigwa msasa, kikapakwa rangi, na ndani ya kiungo kuna mapengo kama ya mkate. Kwa macho huoni. Utajua siku geti litakapomwangukia mtu. Kigutu chako ni vile. Wewe unaangalia ngozi, unasema ni nzima. Wao wana mashine inayoangalia ndani: nyama imepungua au haijapungua, kuna maji, mfupa uko vipi pale unapoishia. Ni eksrei, na ile nyingine wanayowapimia akina mama wenye mimba. Hawadungi, hawakati. Siku hiyo ni ya watu wa miguu ya bandia tu. Mtu mmoja alinieleza yote.

Krismasi nilikuona. Ulifikiri nimelala. Ulivua mguu ukatoa vitambaa vya leso ndani ya kile kikombe chake kinachoshika kigutu, ukaongeza vingine, ukavaa tena. Kikombe kimekuwa kikubwa, Dani, ama wewe umekuwa mdogo. Huyo mtu mmoja anasema ukiendelea hivyo ngozi itapasuka, uchafu ufike kwa mfupa, na wakikata mara ya pili watakata juu ya goti. Sasa nikuulize: bila goti utapigaje magoti kanisani? Mama kiongozi mzima, utaomba ukiwa umeketi kama mzungu?

Babu Omolo nitamwambia. Lakini huo mguu uko chini ya ardhi, hauwezi kuuma.

Mumeo,
Marvin


Kambi Muru
2 Machi 2025

Mume wangu,

Nimepata salamu zako pamoja na dharau zako. Sisi tuko salama. Mtoto wa Caren ameitwa Derrick, na ana mapafu ya kocha wa mpira. Mvua haijaanza lakini mfereji umeshajaa, sijui maji yanatoka wapi. Kanisani tumepata padri mpya, kijana, anahubiri haraka kama ana mahali pa kwenda.

Kwa hiyo mimi ni geti. Miaka yote nimekubeba mgongoni, nimekufuta kamasi kwa rinda langu, leo umenitazama umeona geti. Asante. Na unipake rangi ya bluu, halafu uniwekee mbwa wawili juu.

Ulinichungulia nikivua mguu? Huna haya. Mume mzuri hujua wakati wa kulala kweli. Hivyo vitambaa ni vya baridi. Goti la mtu mzima linahitaji joto.

Sasa huyu "mtu mmoja". Nimehesabu, katika karatasi moja amekuja mara mbili. Mtu mmoja alikueleza, mtu mmoja anasema. Mtu mmoja anajua mimba inavyopimwa, anajua mfupa unavyooza, na hana jina. Mimi nimeolewa, nimezaa, nimezika. Mwanamume akianza kusema "mtu mmoja", huyo mtu amevaa sketi. Ni wa wapi? Anajua kupika? Au anajua kupiga picha tu?

Kuhusu goti langu, usilitaje tena. Mungu analijua.

Na usiniambie mguu ulioko chini hauumi. Wewe uliwahi kuzikwa? Jana nilikuwa nimeketi, nikainama kukuna kidole kidogo, mkono ukapita hewani. Kidole kilikuwa kinawasha pale pale ambapo hakipo. Kama hakuna kitu kinachokisumbua kule nyumbani, basi nani anakikuna? Umemwambia Omolo au hujamwambia?

Adhis anasafiri kwenda ziwani kwa matanga ya shangazi yake, kwa hiyo jibu haraka au unyamaze.

Nyar Sakwa


Kawangware
11 Machi 2025

Dani,

Niaje. Nimemkimbilia Adhis akiwa na mzigo kichwani, ameniambia niandike kama mtu anayefukuzwa, kwa hiyo salamu ni hizo, na mimi ni mzima, na wote unaowajua huku ni wazima.

Nilimpigia babu Omolo. Alinisalimia kwanza. Halafu akasema mguu uko sawa, aliuzika vizuri, vidole vikiangalia mlango wa nyumba yako ili ukirudi uukute unakungoja. Nikamuuliza kuna kitu juu yake? Akaanza habari za mvua. Dani, kuna mbuzi. Amefunga mbuzi hapo. Kigingi kiko juu ya mguu, tangu Krismasi.

Najua vile unavyocheka sasa. Cheka umalize.

Umemaliza? Sasa kuna kitu Adhis ameniambia nikimfungia hii barua. Kwamba hujaonekana Ayany tangu wiki iliyopita. Kwamba karai lako amelikuta limefunikwa na mlango umefungwa kwa ndani, na ulipofungua ulikuwa umeshika ukuta. Yeye haulizi kwa sababu anafikiri ni baridi yabisi. Mimi nauliza.

Tufanye hivi. Wewe una miguu miwili, mmoja nyumbani, mmoja Nairobi. Wa nyumbani nitaushughulikia mimi vile unavyotaka: babu Omolo atamhamisha mbuzi, atang'oa kigingi, atafagia, atasimama hapo aseme maneno yanayosemwa. Ukipoa, nimeshindwa, sitataja picha tena mpaka nife. Usipopoa, wa Nairobi unaenda kwa mashine. Neno la Nyar Sakwa ni moja. Wewe ndiye ulinifundisha hivyo kwa fimbo.

Marvin


Kambi Muru
6 Aprili 2025

Kwako mume wangu Marvin,

Nakusalimu sana. Adhis amerudi jana akiwa amenenepa, matanga ya huko yalikuwa na nyama. Barua yako ilisafiri naye mpaka ziwani na ikarudi, aliisahau chini ya ndoo. Kwa hiyo nimekaa mwezi mzima nikifikiri umenisusia, nikakuombea kwanza kwa upole, baadaye kwa ukali. Habari ya mbuzi nilikuwa nimeshaipata. Omolo alinipigia mwenyewe kuomba msamaha. Nilimwambia, shemeji, kaburi la mguu si nguzo. Caren aliposikia mimi nasema kaburi, nikamalizia kwa kusema bima ya mazishi. Hiyo bima imekuwa kubwa.

Mbuzi. Nilisema nini? Nilisema kuna kigingi. Mimi niliketi hapa Kibera nikakiona kigingi cha Ugenya bila mashine yoyote. Hospitali waje wanipige picha wakitaka kujifunza.

Alimhamisha siku ya Ijumaa. Jumamosi niliamka vidole vimetulia kama watoto walioshiba. Nikaenda Ayany, nikauza karai lote, nikamkaripia mteja mmoja aliyekuwa akibonyeza samaki bila kununua. Jumapili nilipiga magoti kuanzia mwanzo wa sala mpaka mwisho, kumwonyesha yule padri wa haraka.

Nimechoka sasa. Nitaandika kesho.

Ni kesho. Hapana, ni siku tatu baadaye. Adhis ananiuliza kama barua iko tayari.

Vidole vimerudi.

Sitaki maneno mengi. Neno langu ni moja. Lakini nina masharti. Hutaingia ndani, utabaki kwa mlango. Hakuna mtu wa Kambi Muru atakayejua, ukija kunichukua sema tunaenda kumwona baba yako. Na mtu akinigusa akisema "shosho" kama kwa kikongwe namtia mkongojo.

N.S.


Kawangware
14 Aprili 2025

Dani,

Sicheki. Naapa kwa simba wangu mwenye sura ya mbwa. Huku tuko salama, mvua imeingia kibandani, nachomelea nikiwa nimesimama juu ya tofali.

Ni baada ya Pasaka, Jumatano ya mwisho wa mwezi. Nitakuja na teksi mpaka barabara ya Ayany, kisha nije kwa miguu nikuchukue, nikisema kwa sauti mtaa mzima usikie kwamba tunaenda kumwona baba ambaye ameacha pombe. Vaa rinda linalopanda kirahisi. Usiongeze kitambaa kingine, tafadhali.

Nitabaki kwa mlango.

M.


Kambi Muru
4 Mei 2025

Marvin,

Pokea salamu. Baba yako, ambaye inasemekana tulimtembelea, amepiga simu mbele ya Caren akiuliza kwa nini hatumtembelei. Nimemwambia Caren pombe imemsahaulisha. Mungu anisamehe, na yeye pia.

Ulibaki kwa mlango kama ulivyoahidi, nimeandika hilo upande wako mzuri. Sasa nikueleze ya ndani, kwa sababu njiani sikukuambia kitu. Nilinyamaza kwa hiari yangu na usifikiri nilikuwa nalia. Lilikuwa vumbi la teksi.

Nilipelekwa chumba kina giza kidogo, baridi kama duka la nyama. Kitanda kirefu. Kulikuwa na daktari mzee mwenye miwani na msichana mwembamba, mrefu, amefunga nywele nyuma. Yule msichana akavuta pazia, akaniuliza kama anaweza kunisaidia kuvua mguu. Aliuliza. Watu hawaulizi siku hizi, wanashika tu. Nikamwambia naweza mwenyewe. Nikavuta, na vile vitambaa vikaanza kuanguka. Cha maua, cha kuku, cha "Mungu ni pendo". Vilikuwa vingi kuliko nilivyofikiri, vingine nilikuwa nimevisahau humo tangu mwaka jana. Nilitaka ardhi ifunguke. Msichana hakucheka. Aliviokota kimoja kimoja, akavikunja, akaviweka kwa kiti kama nguo za kwenda kanisani.

Kisha akapaka kigutu mafuta baridi, akanionya kwanza kwamba ni baridi, akaanza kupitisha kile kidude chake polepole. Kwenye kioo nikaona kijivu tupu, kama televisheni ya Osewe mvua ikinyesha. Nikasema, mwanangu, mashine yako imeharibika. Akasema, "Subiri kidogo, Dani." Halafu akanionyesha kwa kidole mstari mweupe: huu ndio mfupa. Unakuja, unakuja, hapa unaishia. Marvin, nimeishi na huo mguu uliokatika siku zote hizi na sikuwahi kuuona mwisho wangu. Ni mviringo. Walikata vizuri.

Nirudi nyuma. Uliona alivyosema? "Subiri kidogo, Dani." Jina lake liliandikwa kifuani, nikalisoma kwa darasa langu la tatu: Lavender Nanyama. Huyo ni wa Bungoma. Mtoto wa Bungoma bibi yake humwita kukhu. Dani amelitoa wapi? Wajukuu wangu wote wako Kisumu isipokuwa mmoja, na huyo alikuwa amesimama kwa mlango akichungulia chini ya pazia. Viatu vyako navijua, vina matone ya chuma.

Mtu mmoja. Haya.

Nilipomaliza, nilimwambia awe mwangalifu, mume niliye naye ni wa wivu. Masikio yake yakawa mekundu, na yeye ni mweusi kama mimi.

Daktari alisema mambo ya madaktari. Sisi tuko salama.

Nyar Sakwa


Kawangware 56
13 Mei 2025

Dani,

Salamu zangu na, sawa, salamu za Lavender. Nimeshikwa. Ndiyo, ni yeye. Nilikuwa nataka umwone akiwa kwa kazi yake kwanza kabla ya kumwona akiwa na mimi, kwa sababu ukimwona na mimi utamwona kama mwizi wa mume. Tumekuwa pamoja tangu mwaka jana mwezi wa nane. Anajua kupika. Ugali wake ni laini kidogo, wa kwao, nimeshamwambia.

Lakini Dani, barua yako ni ndefu kila mahali isipokuwa pale palipo na maana. Vitambaa umenihesabia maua yake. Masikio ya Lavender umeyaeleza. Halafu "daktari alisema mambo ya madaktari", nukta. Mambo gani?

Nimemuuliza Lavender. Ameniambia yaliyo kwenye kioo ni ya mwenye mguu, nikuulize wewe. Nimembembeleza, nimenuna, nimekataa kula. Alikula chakula changu pia. Hasemi.

Adhis naye anasema, na hili limeniuma, kwamba unatembea. Kwamba amekuona na huo mguu ukienda Ayany na karai kichwani, ukishikilia ukuta, na umekuwa na sura ya majivu. Kama daktari alisema uko sawa, mbona unashikilia ukuta? Na kama alisema hauko sawa, unaenda Ayany kufanya nini?

Mimi najua kuchomelea chuma. Goti siwezi kukuchomelea.

Niambie. Au nije mwenyewe nimuulize Caren kupitia ukuta.

Marvin


Kambi Muru
8 Juni 2025

Mume wangu Marvin,

Nakusalimu, na msalimu mke mwenzangu. Mwambie nimemheshimu kwa kufunga mdomo. Nilimtega nione kama atakuambia, na angekuambia ningekukataza kumwoa. Mwanamke anayeweza kula chakula chako ukinuna na bado asiseme, huyo atakaa.

Huku kuna mambo, kwa hiyo tafuta kiti.

Daktari alisema hivi. Nyama ya kigutu imeisha, imepungua kama sabuni, ndiyo maana kikombe cha mguu kimekuwa kikubwa. Nikisimama nazama mpaka mfupa unagonga chini. Hapo unapogonga pamejaa maji, mke mwenzangu alinionyesha, dimbwi jeusi kabisa. Vitambaa havisaidii, vinakwaruza. Ngozi imebaki kama ganda la kitunguu. Eksrei inasema mfupa wenyewe bado ni safi. Bado, alilisema hilo neno mara mbili akinitazama juu ya miwani. Ngozi ikipasuka, watafuata mfupa mpaka juu ya goti, kama ulivyosema wewe, geti lako na wewe. Dawa ni kuvua mguu. Kuuvua kabisa, wiki sita, maji yakauke, wanipige picha tena, kisha wanipime kikombe kipya.

Wiki sita, Marvin. Nitoke nje nikiwa nini? Nikarudi nyumbani nikauvaa.

Ndio, nilienda Ayany. Siku ya kwanza, ya pili. Halafu asubuhi moja haukuingia. Kigutu kilikuwa kimevimba kama kiazi, chekundu, nikasukuma, nikasukuma, nikaona nyota. Nikafunga mlango kwa ndani nikaamua nimesafiri. Nilikaa hivyo siku mbili bila kuwasha jiko ili moshi usinisaliti, nikila ndizi.

Siku ya pili alasiri Caren akagonga ukuta. Hakugonga mlango, aligonga ukuta.

"Mama Aoko, kama mguu hautaki kuingia, uache. Nitakuletea maji."

Nikasema, "Mguu gani?"

"Ule unaouegemeza kwa ukuta wangu kila jioni. Unagonga ko! halafu wewe unasema, Yesu asante, halafu unalala."

Nikaweka sikio ukutani. Alikuwa akinyonyesha, namsikia mtoto.

"Umejua tangu lini?"

"Tangu wiki uliyohamia. Mama, haya ni mabati. Derrick mwenyewe asiposikia huo mguu halali. Jana hukuuvua, amelia mpaka alfajiri. Wewe uvae usivae, lakini jioni ugongeshe kwa ukuta, tafadhali."

"Na wengine wanajua?"

"Nani hajui? Tulikuwa tunangoja utuambie. Hata ile bima ya mazishi tunaijua. Ni ya mguu, si ndiyo?"

Marvin, nilicheka mpaka kigutu kikauma. Kumbe nimevaa soksi nyeusi miaka yote hii kwa ajili yangu peke yangu.

Nikafungua mlango. Siku iliyofuata nikaketi nje kwa kiti kile cha Osewe, kigutu juu ya mto, kinaona jua. Watoto wakaja kutazama. Mmoja akauliza mguu uko wapi, nikamwambia uko Ugenya, umetangulia kunishikia nafasi. Wakatazama, wakachoka, wakaenda kutafuta kitu kingine. Nakaanga samaki hapa hapa mlangoni sasa, Caren anawapeleka Ayany na mtoto mgongoni, na wateja wanalalamika kwamba yeye hawakaripii, samaki hawana ladha. Kanisani nimesali nimeketi kama mzungu. Magoti nitayapiga wakinipa kikombe kipya. Goti linaweza kungoja, mradi lipo.

Uvimbe umeshuka. Leo nimebonyeza, ni laini, hakuna moto.

Jambo moja la mwisho ambalo sikutaka kukuambia. Siku ile kwenye kioo mke mwenzangu alinionyesha kitu kingine, kauzi kembamba kenye fundo mwishoni. Akasema huo ni mshipa uliokuwa ukienda kwenye vidole. Ulikatwa pamoja na mingine, lakini haujaambiwa kwamba vidole vilihama. Bado unaleta habari zao, kama Adhis akiendelea kupeleka omena kwa mtu aliyehama Kawangware. Ndio unaowasha, ndio unaopigilia kigingi. Nilimuuliza, basi si mbuzi? Akafikiri sana, nikaona anatafuta neno lisilonikosea heshima, akasema, "Mbuzi hakuonekana kwenye picha, Dani."

Kwa hiyo fanya hivi. Niletee magongo mawili mepesi, si yale ya mbao yanayokula makwapa. Tarehe ya picha ya pili ni mwezi wa saba, na safari hii utaingia ndani, na usije ukadanganya mtu kwamba tunaenda kwa baba yako. Jumapili ijayo mlete Lavender ale samaki wangu kwa ugali mgumu, avae viatu vya matope, na asiogope kelele, hapa kila mtu anasikiliza. Na mpigie Omolo leo hii, kabla hujafungua kibanda: mwambie amrudishe mbuzi wake pale pale alipokuwa, nyasi za hapo ni nzuri.

Dani yako,
Nyar Sakwa